Mnauza Nini?

Swali la kwanza tuliloulizwa Kigera halikuwa tunatoka wapi wala tunakwenda wapi. Bibi mmoja alikuwa akianika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake, mwamba mpana uliolala chini kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Alituhesabu kwa kidole. Akaitazama mifuko iliyofungwa kushoto na kulia kwa kila baiskeli, akayatazama mahema tuliyoyakaza juu ya keria, kisha akauliza:

"Mnauza nini, wajukuu zangu?"

"Hatuuzi kitu, bibi. Tunatembea tu," akajibu Kamanda, baada ya kumwamkia.

"Mnatembea," bibi akarudia taratibu, "huku mmepanda baiskeli."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Aliinama akaendelea kugeuza mihogo yake kipande kimoja kimoja, na mimi nikabaki nikiwaza kwamba Kiswahili kilikuwa upande wake. Kwao Musoma Vijijini baiskeli tupu ni ile ambayo mwenyewe anakwenda kuchukua mzigo. Nyingine zote zimebeba: madumu ya maji, mkaa, samaki, maziwa, mabati, magunia ya mtama, mgonjwa anayewahishwa zahanati, mbuzi aliyefungwa miguu na kulazwa kama mto. Baiskeli kumi na moja zilizosheheni hadi kwenye usukani, na hazina hata kilo moja ya bidhaa, lazima zina jambo.

Tulikuwa siku ya sita tangu Mwanza. Hatukuwa chama, hatukuwa na fulana za kufanana, wala gari la kutufuata nyuma na maji ya baridi. Wengi wetu ni watu wa Mwanza waliozoea kuendesha pamoja Jumapili asubuhi. Walikuwapo wawili wa Dar es Salaam, na dada mmoja wa Kisumu aliyevukia Sirari na kutungoja Bunda. Kamanda ni jina tulilompa kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye bado anatembea na filimbi mfukoni na anaamini kwamba kila mtu mzima ni mwanafunzi aliyechelewa kufika mstarini.

Wazo la safari lilikuwa lake. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoka kijijini kwake Butiama akatembea kwa miguu hadi Mwanza, maili 138, kuliunga mkono azimio alilolitangaza mwenyewe. Kamanda alitaka tuigeuze njia hiyo: tutoke Mwanza tuishie Butiama, ila tuiache lami pale inapochosha na kuzunguka Majita ili tulione ziwa. Kwa hiyo tulifikia siku ya sita tukiwa na gia ishirini na moja kila mmoja, na Butiama bado tunaisikia tu. Ukilinganisha na mtu aliyekwenda kwa viatu, hesabu hiyo haipendezi.

Usiku tulilala ufukweni, na hata kufika pale kulikuwa na kasoro yake. Kigera ni mbili. Ipo kata ya Kigera ndani ya Manispaa ya Musoma, na kipo kijiji cha Kigera katika kata ya Nyakatende, Musoma Vijijini. Mwenzetu mmoja wa Dar aliyekuja kwa basi, baiskeli yake ikiwa juu ya paa, alimwambia dereva wa bodaboda "nipeleke Kigera" na akapelekwa Kigera, ile ya mjini, ambako aliulizia watu wenye mahema mpaka giza likaingia. Alitufikia saa tatu usiku akiwa juu ya pikipiki, ameikumbatia baiskeli yake mbele ya kifua kama mtoto mwenye homa. Sijapata kuona chombo cha usafiri kilichosafirishwa kwa huruma namna ile.

Asubuhi ile, basi, hakuna aliyekuwa na haraka. Mpango ulisema tuondoke saa kumi na mbili na nusu ili adhuhuri itukute Butiama. Saa kumi na mbili na nusu nusu yetu walikuwa wamekaa mchangani wakitazama dagaa wakishushwa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi hupumzika kwa sababu mwanga wa mwezi huwatawanya dagaa wasikusanyike kwenye taa. Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu, kwa hiyo mitumbwi yote ilikuwa imetoka, na sasa ilikuwa ikirudi mmoja mmoja. Kina mama walipokea ndoo kwa ndoo na kumwaga kwenye nyavu zilizotandazwa. Wakatawanya kwa fagio, mkono ukienda na kurudi bila kukatika, mpaka ufuo wote ukageuka rangi ya fedha. Mama mmoja aliniambia kwamba jua kama la siku ile linawakausha kabla ya jioni, lakini mvua ikikuchungulia tu, umekula hasara. Alizungumza huku akitazama juu. Sisi tuliliogopa jua la siku ile. Yeye alikuwa akiliombea lizidi.

Tulipiga pampu saa tatu kasoro. Hapo nilifanya kosa nitakalolisimulia baadaye: hewa ya asubuhi ilikuwa ya ubaridi, tairi zangu zikaonekana zimelegea, nikazijaza mpaka kidole kikagoma kuzibonyeza.

Njia ya kutoka Kigera kwenda Nyegina ni ya vumbi jekundu, na pande zote mbili yamekaa mawe. Nasema yamekaa kwa sababu ndivyo yanavyoonekana. Ni majabali ya matale yaliyopandana, moja juu ya jingine, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake watu wamejenga, wamelima, wamepanda minyaa ya uzio. Ukitazama kutoka mbali hujui kama ni mji uliovamiwa na mawe au ni mawe yaliyovamiwa na mji. Juu ya kila bamba lililo sawasawa kuna mihogo imeanikwa, myeupe, inameremeta. Wajita na Wakwaya wa pande hizi hula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na mwamba ndio uchanja wao. Haukodishwi, haushiki kutu, na joto lake linaanika muhogo hata kwa chini.

Ila joto hilo huanika na mpita njia. Watu wa pwani hudhani Musoma ni pa baridi kwa kuwa ni juu. Uso wenyewe wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Joto la Dar hukulowesha, unajua unateseka. Hili la huku linakausha jasho kabla hujaliona, na unachobaki nacho ni chumvi tu. Kufikia saa nne na nusu shati la Kamanda lilikuwa limechorwa mistari myeupe mgongoni. Dada wa Kisumu alikuwa na kipimo kidogo kwenye usukani wake: nyuzi 36 juani. Akakigeuza kitazame chini.

Watoto walitukimbilia wakiimba "Butiama! Butiama!" Kwao mtu mwenye kofia ngumu juu ya baiskeli ni wa Butiama tu. Kila mwaka, kuelekea Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999, msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam ukapita mikoa mingi kwa baiskeli, zaidi ya kilomita elfu moja, ukipanda miti njiani. Tuliwapungia mikono kama vile tunastahili.

Kulikuwa na mkuyu. Nina hakika kila aliyekuwapo ataikumbuka siku ile kwa mkuyu huo. Ulisimama kando ya njia, shina lake kama kundi la watu waliokumbatiana, na kivuli chake kingetosha harusi. Chini yake kulikuwa na duka la mabati, benchi, ubao wa drafti wenye kete za vizibo vya soda, wazee wawili, ng'ombe saba waliolala, na baiskeli moja ya Phoenix iliyobebeshwa viroba vya dagaa wakavu hadi kuwa na umbo la nyumba ndogo. Kamanda alipuliza filimbi. Mapumziko, dakika kumi na tano.

Hatukuondoka pale mpaka saa kumi na nusu alasiri.

Kwanza zilikuwa soda. Halafu mmoja alitandika kanga ajinyooshe mgongo kidogo, akalala fofofo. Halafu Kamanda akakaribishwa kwenye drafti na mzee mmoja aliyevaa koti la sufu katika joto lile. Akashindwa mara moja, akataka kulipiza, akashindwa mara nne. Kila alipokamata filimbi yake mzee alimwambia, "Kaa mwalimu, hii ndiyo ya mwisho." Nami nikajikuta ubavuni mwa mwenye Phoenix.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, miguu imekauka kama mizizi, ndala zake zimeunganishwa kwa waya. Husomba dagaa kutoka mwaloni hadi kwenye minada ya ndani, huko kwa Wazanaki, na hurudi na mahindi au mkaa. Alilitaja lile swali kabla sijalikwepa.

"Nyie mnauza nini?"

Nikamweleza. Mahema, masufuria madogo, nguo za kulalia, chakula cha siku mbili. Alinyanyua mkia wa baiskeli yangu kupima uzito, akaushusha.

"Kilo ishirini?"

"Ishirini na mbili."

"Hapa nina tisini." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama fundi cherehani anavyotaja kimo cha mteja. Kisha akauliza, kwa adabu, baiskeli kama yangu huwa shilingi ngapi.

Nilimdanganya. Nilisema laki tatu na nusu. Ukweli ni kwamba niliinunua zaidi ya milioni mbili, na pale chini ya mkuyu, mbele ya ndala zile za waya, ulimi ulikataa. Alitikisa kichwa kusikitikia hata hizo laki tatu na nusu. "Na haina keria ya maana," akasema.

Dada wa Kisumu alisikia, akasogea. Akatusimulia kwamba neno lenyewe la bodaboda halikuzaliwa na pikipiki. Lilizaliwa na baiskeli, kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwabeba wasafiri na mizigo nyuma ya baiskeli kutoka ofisi ya mpaka ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Mjomba wake aliifanya kazi hiyo, akasomesha watoto kwa mto wa sponji uliofungwa kwenye keria. "Sasa mimi naendesha kwa raha," akasema, "na hata sijambeba mtu." Mwenye dagaa alimtazama kwa muda. "Si ubaya, dada," akasema. "Hata ng'ombe wa kulimia ana siku ya kulala."

Hapo ndipo tairi langu lilipopasuka.

Niliiegemeza baiskeli kwenye jiwe, na kivuli kilikuwa kimesogea bila kuniaga. Jua likaipata tairi ya nyuma, ile niliyoijaza asubuhi kwa bidii ya mjinga. Ulikuwa mlio mmoja mkavu. Ng'ombe wote saba walisimama kwa pamoja. Wazee walilala chini na kete za drafti zikaruka. Muuza duka alifunga dirisha. Mwenzetu aliyelala kwenye kanga aliamka akakimbia hatua kama kumi kabla ya kuuliza anakimbia nini. Ilipojulikana kwamba ni baiskeli, kicheko kilichofuata kilidumu, nadhani, mpaka saa nane.

Mzee wa koti la sufu ndiye aliyeinuka, akaenda nyuma ya duka, akarudi na kisanduku cha mbao. Kumbe ni fundi. Kulikuwamo msasa, solusheni, vipande vya tyubu kuukuu, sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni. Tyubu yangu ilipasuka urefu wa kiganja, ikawa ya kutupa, na nilikuwa na nyingine. Balaa ilikuwa tairi lenyewe, limechanika ubavuni, na ukubwa wake haupatikani Musoma nzima sembuse chini ya mkuyu. Mzee aligeuzageuza, akaguna, akaanza kulishona kama mtu anayeshona kiatu, mshono wa kwenda na wa kurudi, kisha akalitia bitana ya tyubu ya zamani kwa ndani.

"Mwanangu," akaniambia bila kuinua macho, "asubuhi unajaza nusu. Nusu nyingine jua litajaza lenyewe."

Aliniambia pia, sindano ikiwa mdomoni, kwamba baiskeli yake ya kwanza ilikuwa Swala, zile zilizotengenezwa hapa nchini na NABICO, na kwamba fremu yake ipo mpaka leo, imekuwa mlango wa banda la kuku. Sikumwuliza kwa nini haipandwi. Nilimwuliza deni langu. Shilingi 1,500. Nilitaka kumpa elfu tano, akanirudishia chenji, akahesabu mara mbili ili nisije nikasema nimepunjwa.

Chakula kilikuja saa saba na nusu kutoka nyumba ya pili, tulichokuwa tumekiagiza kwa kuchangishana: ugali wa muhogo, mweusi kidogo kwa mtama, unaovutika mkononi, na sato wa mchuzi wa nyanya. Mwenzetu wa Dar aliyezoea sembe aliukata kwa mashaka, akameza tonge bila kutafuna kama alivyofundishwa, akanyamaza, akaongeza. Tukashushia na maziwa mgando. Baada ya chakula kile, hata Kamanda aliacha kushika filimbi.

Kulikuwa na mjadala, lazima nikiri. Mmoja wetu, kijana wa benki anayehesabu kila kilomita kwenye simu yake, alisema tunatia aibu. Akatukumbusha kwamba mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, pale Musoma mjini, umbali wa kama maili 26, kwa miguu. Sisi watu wazima, wenye kofia na gia, tumeshindwa na jua la saa tano. Ilikuwa hoja nzito. Tukaitafakari tukiwa tumelala chali. Mwishowe mwenye dagaa ndiye aliyeimaliza:

"Mura, huyo mtoto hakutembea saa sita mchana. Angekuwa mjinga, asingekuwa rais."

Kijana wa benki akatafuta mahali pa kulaza kichwa.

Mwenye dagaa alitufundisha jambo jingine. Tulipolalamika kwamba hewa imesimama kabisa, alisema upepo wa ziwa uko njiani, tuwaangalie ng'ombe. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Ikishachemka, hewa yake hupanda juu, na ile ya ziwani iliyopoa huja kujaza nafasi. Hayo nayajua kutoka darasani. Nisilolijua ni kwamba ng'ombe hujua mapema. Muda fulani baada ya saa nane mmoja alisimama, akageuza pua magharibi. Wa pili akafuata. Sisi hatukuhisi kitu. Dakika chache baadaye majani ya juu kabisa ya mkuyu yakaanza kunong'ona, kisha ya chini, na upepo ukatupitia usoni wenye harufu hafifu ya samaki na maji. Dada wa Kisumu aliweka mikono kiunoni akasema "Asante" kwa sauti, sijui kwa ng'ombe au kwa ziwa.

Mwenye dagaa akainuka, akafunga kamba zake upya, akaisukuma Phoenix barabarani. Mzigo ule haupandwi penye mlima. Unasukumwa, na mteremko unapoanza mtu hujirusha juu yake. Wawili wetu walimsaidia kuisukuma mpaka juu ya kilima cha kwanza. Alitupungia mkono bila kugeuka, akapotea upande wa pili, na tulichosikia ni mlio wa breki za mpira ukilia mteremko mzima.

Jioni tuliendesha polepole kama watu waliotoka kanisani. Na kanisani tulipita kweli: Nyegina, misheni kongwe ya Wakatoliki, ambako Desemba 23, 1943 Nyerere alibatizwa akachukua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21. Mtu akisoma habari zake hudhani alizaliwa na jina hilo. Tulisimama kidogo nje, Kamanda akavua kofia, kijana wa benki akapiga picha, tukaendelea kutafuta pa kulala.

Kulala porini kwetu hakuendi hivihivi. Mgeni hujisalimisha kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wetu tulimkuta akikamua ng'ombe. Alinawa, akatoa daftari la wageni lenye safu zilizochorwa kwa rula: jina, atokako, aendako, shughuli. Kamanda aliandika majina yote kumi na moja kwa mwandiko wa ubaoni. Kwenye shughuli akaandika "Matembezi".

Mwenyekiti alisoma, akaligonga neno hilo kwa kalamu.

"Hii si shughuli, mwalimu."

"Sasa niandikeje, mzee?"

Mwenyekiti alituangalia mmoja mmoja, vumbi letu, chumvi yetu, tairi langu lililoshonwa. Akalikata neno la Kamanda kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: WAGENI. Akatuonyesha uwanja chini ya jabali kubwa, akatuma mtoto atuletee kuni.

Jabali lile lilikuwa zuri, refu kama nyumba ya ghorofa, na lilikuwa limetukinga jua la magharibi. Tukapanga mahema yetu ubavuni mwake, karibu kabisa, tukijipongeza. Lakini upande ule ndio ulioota jua tangu asubuhi hadi alasiri. Saa mbili usiku nililala, saa tatu nikaamka nimelowa. Nikagusa jiwe kwa kiganja: la moto kama jiko lililotolewa mkaa sasa hivi. Nikasikia zipu ya hema la jirani, halafu nyingine, na kwenye giza wakaanza kutokea watu wamebeba magodoro yao, wamenyamaza, kila mmoja akidhani ni peke yake aliyeshindwa. Tulihamia uwanjani wote, Kamanda akiwa wa mwisho, akilalamika kwamba hakuna aliyempa taarifa.

Baadhi yetu tulipanda juu ya jabali kutafuta upepo. Mwezi mwembamba ulishatua. Upande wa magharibi, mbali, kulikuwa na mstari wa taa, nyingi, zimejipanga kama mji ambao mchana hatukuuona. Ni wavuvi wa dagaa. Dada wa Kisumu alijaribu kuzihesabu, akafika sitini na kitu, zikamchanganya kwa kuwa zilikuwa zinasogea. Nilimfikiria mama wa ufukweni na fagio lake, na yule bwana wa Phoenix, kama alifika mnadani au yuko chini ya mkuyu mwingine.

Kijana wa benki alitoa simu akasoma hesabu ya siku: kilomita 17, muda wa kuendesha saa moja na dakika ishirini na sita, muda wa kusimama saa saba. Hakuna aliyemwambia afute. Kesho yake tuliondoka saa kumi na mbili kamili, tukafika Mwitongo, Butiama, kabla jua halijakaza, tukalizuru kaburi na makumbusho. Safari hiyo ya mwisho haikuwa na jambo la kusimulia, maana tulikuwa na haraka.

Ukipenda kwenda, nenda Septemba mwishoni kabla mvua za vuli hazijaanza kuchezea barabara. Sema Kigera ya Nyakatende, si ile ya mjini. Beba tyubu mbili za ziada na tairi moja, jaza hewa nusu asubuhi, na hema usilisogeze karibu na jiwe.